Baba Asiyekunywa Pombe: Utoto wa Shambani katika Bunilizi Zetu

Likizo ya Agosti iliyopita nilikuwa nyumbani, upande wa bara wa Msambweni, nikiwa nimebeba vitabu vya tasnifu ambavyo, nakiri, sikuvifungua sana. Mdogo wangu aliye kidato cha tatu alikuwa amekuja na insha iliyosahihishwa. Swali lilimtaka aandike kisa kuhusu maisha yake ya utotoni, na alikuwa amepata alama 16 kati ya 20, jambo lililomfanya atamani kuisoma mbele ya kila mtu. Akaisoma barazani baada ya sala ya magharibi, mama akichambua kunde na baba akiwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba.

Insha ilianza kwa mvua kubwa na paa la makuti linalovuja. Baba wa mhusika alirejea usiku wa manane kutoka kilabuni, akipepesuka na kuimba, akampiga mkewe na kuwafukuza watoto waliokuwa wamelala njaa kwa siku ya tatu. Mtoto akasoma kwa mwanga wa koroboi mpaka mafuta yakaisha, akafaulu, akaenda chuo kikuu, akawa daktari bingwa na kumjengea mama yake nyumba ya ghorofa. Baba alikuwa keshakufa kwa ulevi. Lugha ilikuwa safi, methali zimo, tashbihi zimo. Mwalimu alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kisa cha kusikitisha. Hongera."

Mama aliacha kuchambua kunde. Akauliza, si kwa hasira, bali kama mtu anayetaka kujua kweli: "Baba yenu amekunywa pombe lini?"

Nyumba yetu ni ya mabati tangu nilipokuwa darasa la tano, na baba hajawahi kuonja tembo, ingawa amekwea minazi tangu ujana wake. Alicheka kidogo akaenda kufunga mbuzi. Mdogo wangu akajitetea: "Ni hadithi tu, mama. Insha ya umaskini bila mlevi haina mgogoro."

Msomaji mwenzangu, sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Mtoto wa miaka kumi na saba alikuwa ametamka, bila kukusudia, kanuni ya uandishi ambayo wengi wetu tumelelewa nayo na ambayo hatujaihoji. Anayesimulia utoto wa maskini shambani huamini kwamba kuna vifaa maalumu anavyopaswa kuvikusanya: paa linalovuja, baba mlevi, mama mvumilivu, koroboi, na mwishowe kuondoka. Asipovikusanya, ataambiwa kisa chake hakina tukio. Najua hivyo kwa sababu niliambiwa. Nikiwa shule ya msingi niliandika juu ya siku moja ya kuwinga ndege katika mpunga, nikarudishiwa daftari lenye maneno mawili: "Hakuna mgogoro." Mahali nilipoandika "mvua ya mwaka" palikuwa pamezungushiwa duara na juu yake pameandikwa "masika". Nitalirudia duara hilo baadaye.

Sina ugomvi na mlevi kama mhusika. Zakaria katika *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971) ni baba mlevi, tena mkali, katika nyumba ya wakulima huko Namagondo, kisiwani Ukerewe. Lakini Zakaria hakuwekwa pale ili msomaji apate pa kulilia. Ukali wake unamfungia Rosa ulimwengu wa wanaume mpaka siku anayoachiwa huru, na uhuru huo anaupokea kama mtu asiyewahi kuushika. Ulevi wake una kazi katika mwendo wa riwaya nzima. Kezilahabi alimfahamu mtu huyo, akafahamu na kijiji kile kilivyokula, kilivyolima na kilivyosengenya. Tulichokifanya sisi, miaka hamsini na zaidi baadaye, ni kumchukua Zakaria, tukamvua Ukerewe yake na kumgawa katika vitabu vya insha za mfano, mpaka akawafikia watoto ambao baba zao hukesha wakilinda mahindi. Mdogo wangu alikuwa ameazima baba.

Yafaa tutazame pia shamba lenyewe limewekwa wapi katika riwaya zetu. Mtu asiseme kwamba halimo. Shaaban Robert alimpa mkulima jina la kitabu kizima, *Utubora Mkulima*, lakini Utubora ni mtu mzima aliyeijua kazi ya mjini akaiacha na kuchagua jembe. Kwake kilimo ni fadhila anayoiendea kwa hiari yake, na asiyekuwa na hiari, yaani mtoto aliyezaliwa juu ya jembe, hana nafasi katika falsafa hiyo. Katika *Kasri ya Mwinyi Fuad* (1978), Adam Shafi anatuonyesha unyonge wa watu wa mashamba ya Unguja kuliko mwandishi yeyote niliyemsoma, na Kijakazi ni mhusika asiyesahaulika. Hata hivyo mtoto ambaye kuzaliwa kwake kunaifungua riwaya ni mwana wa mwenye kasri. Mohamed Suleiman Mohamed katika *Nyota ya Rehema* (1976) alikaribia zaidi. Anaanza na mtoto anayenyanyaswa, na anamfikisha kwenye shamba la Ramwe, ambako Rehema na mumewe Sulubu wanaifufua ardhi kwa mikono yao kabla jamaa za marehemu hawajaja kuidai. Kila nikisoma sehemu hizo za Ramwe naona nyumbani. Lakini Rehema analifikia jembe akiwa mwanamke. Utoto wake ulikuwa wa nyumba ya mwenye mali. Kongowea wa *Siku Njema* (1996), kipenzi cha kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya, ni mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Marehemu Ken Walibora alimpa mtoto huyo safari ndefu, na safari ndiyo iliyokuwa shabaha yake.

Kwa hiyo tunaye mkulima mwema, tunaye mkulima aliyedhulumiwa, na tunaye mtoto anayesafiri. Aliyeadimika ni mtoto ambaye yuko shambani wakati hadithi inaendelea na ambaye mwandishi hana haraka ya kumtoa. Nasema ameadimika, kwa kuwa sijasoma kila kitabu na nitafurahi kusahihishwa.

Katika semina ya mapendekezo ya tasnifu, mmoja wa wanajopo aliniuliza swali la haki: kama matini hazipo, nitatafiti nini? Nilijibu vibaya siku hiyo. Sasa ningemjibu kwamba kutokuwepo kwa kitu nako kuna sababu zake, na mojawapo ni kuwa tumeshawishika kwamba maisha hayo hayana kisa. Naomba msomaji anifuate Kwale kidogo, aone kama ni kweli.

Mpunga hupandwa mabondeni mvua za mwaka zinapokolea, na Agosti huwa umeanza kutoa masuke. Hapo ndipo mtoto anapopewa kazi ya kuwinga. Ndege huja alfajiri, kabla jua halijatoka, na hurudi tena alasiri joto likipungua. Mtoto hana budi kuwa juu ya dungu kabla yao, akiwa na kombeo na debe la kugonga, na hawezi kushuka mpaka jua liwe kali. Maana yake ni kwamba katika majuma hayo mtoto wa mpunga hufika shule kipindi cha kwanza kimekwisha, na huadhibiwa kwa kuchelewa. Jioni akikimbia dunguni mapema, huadhibiwa kesho yake kwa kutoroka. Shule ina saa yake na ndege wana saa yao, na mtoto wa miaka tisa ndiye anayetakiwa kuzipatanisha. Hakuna mtu mbaya katika kisa hicho. Mwalimu yuko sahihi, na mzazi yuko sahihi, kwa maana mpunga ukiliwa, karo haipo. Mimi nadhani huo ni mgogoro, tena ni mzito kuliko wa kilabuni.

Au tumtazame nyani. Aliyelinda mahindi karibu na msitu anajua kwamba nyani humwogopa mwanamume mwenye mbwa, lakini mtoto humtazama huku akiendelea kula. Hukaa, huvunja hindi, hulimenya, humtazama tena. Sijui kama kuna fedheha ya utotoni inayolingana na kudharauliwa na mnyama mbele ya chakula cha familia yako. Nililia siku hiyo, na sijawahi kuona kilio cha namna hiyo katika kitabu chochote. Kwa wale walio kandokando ya Milima ya Shimba, mgeni wa usiku ni ndovu, na huyo halindwi kwa kombeo. Baadhi ya wenye mashamba wa huko Mwaluganje walikubali ardhi yao iwe hifadhi ya jamii ya ndovu, iliyofunguliwa mwaka 1995, wapate sehemu ya mapato ya watalii badala ya kupigana na mnyama asiyeshindika. Fikiria mtoto anayekua akiambiwa kwamba shamba la babu yake sasa linalimwa na ndovu, na kwamba ndovu hao ndio wanaolipa. Mwandishi wa riwaya angetaka nini zaidi?

Kuna na mnazi. Katika pwani yetu mti na ardhi si lazima viwe vya mtu mmoja. Mtu anaweza kumiliki minazi iliyo katika kiwanja cha mwingine, na anaweza kuiweka minazi yake rehani akabaki na ardhi: aliyemkopesha fedha ndiye atakayekuja kuangua nazi mpaka deni lilipwe. Mwanaanthropolojia David Parkin aliandika kitabu mwaka 1972 juu ya minazi, tembo na mashahidi wa mikataba ya namna hiyo miongoni mwa Wagiriama, na wanazuoni wa nje wamekisoma sana. Ajabu ni kwamba jambo lililomfaa mtaalamu wa kigeni halijaonekana kuwafaa watunzi wa riwaya wa Kiswahili. Mtoto wa mashamba ya minazi hulazimika kujifunza ramani ambayo haionekani kwa macho: mnazi huu ni wetu, ule ni wa jirani, wa tatu ni wetu lakini hatuuli. Akiokota nazi iliyoanguka chini ya mti usio wake, anaitwa mwizi. Ni somo la sheria, la uchumi na la aibu, analolipata kabla hajajua kusoma.

Lakini lililonishangaza zaidi nilipoanza kusoma kwa makini ni kukosekana kwa mjomba. Katika riwaya zetu nyingi baba ndiye mwenye nyumba, mwenye shamba, mwenye amri na mwenye makosa. Kwa Wadigo wa zamani ardhi na mali vilipita upande wa kikeni: mtu alirithiwa na watoto wa dada yake. Mjomba ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya mpwa. Uislamu ulipoenea ukaja na mgawo wake, unaomrithisha mtoto wa marehemu, na tangu mwanzo wa karne iliyopita mambo haya mawili yamekuwa yakivutana katika familia, mbele ya wazee, mbele ya makadhi na mbele ya mahakama. Waduruma nao walihesabu nasaba pande zote mbili, ya kuumeni na ya kikeni. Sasa mweke mtoto katikati ya mvutano huo. Analima na mama yake katika shamba alilopewa mama na mjomba wake. Mjomba anafariki. Wanawe, ambao ni binamu za mama na waliocheza naye utotoni, wanakuja wakiwa na haki kwa mujibu wa dini ambayo mama mwenyewe anaiamini. Nani mbaya? Ukimlazimisha mwandishi atie baba mlevi hapo, utakuwa umemwibia kisa.

Napenda hapa nitaje kitabu kutoka mbali. Mwaka 1953 Camara Laye wa Guinea alichapisha *L'Enfant noir*, kumbukumbu za utoto alizozisimulia kwa namna ya riwaya. Baba yake alikuwa mhunzi, si mkulima, lakini sura ninayoipenda kuliko zote ni ile ya Tindican, kijijini kwa mama yake, ambako mtoto anakwenda kushuhudia mavuno ya mpunga pamoja na wajomba zake. Hakuna kinachotokea, kwa kipimo cha mwalimu wangu wa shule ya msingi. Watu wanavuna, ngoma inalia, mjomba anazungumza na mpwa wake. Hata hivyo msomaji anaondoka akijua kwamba mtoto huyu tayari ameanza kutengwa na watu hao kwa sababu ya shule, na kwamba wao wanajua.

Mongo Beti wa Kameruni alikishambulia kitabu hicho mara kilipotoka. Kwake kilikuwa picha tamu mno: ukoloni uko wapi, dhuluma iko wapi? Shutuma hiyo ina nguvu, na atakayeandika utoto wa Kwale kwa utamu wa mbalamwezi na vitendawili pekee ataistahili. Lakini nahisi Mongo Beti alidai kwamba dhuluma lazima iingie kwa mlango wa mbele, ikiwa na kofia ya mkoloni. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alionyesha njia nyingine katika *Weep Not, Child* (1964): Ngotho ni kibarua katika ardhi ambayo anaamini ni ya mababu zake, na mwanawe Njoroge anaijua historia hiyo kwa kumtazama baba yake anavyolitazama shamba la mzungu. Dhuluma imo katika jicho la baba, na mtoto anaisoma humo. Ardhi ya Wagikuyu, kwa sababu ya kazi kama hiyo, inajulikana na wasomaji wa ulimwengu mzima. Ya Kwale haijulikani hata na wanafunzi wenzangu wa shahada ya uzamili, ambao nikitaja nilikotoka huuliza kuhusu hoteli za Diani.

Hoteli zipo, na nazo ni sehemu ya kisa. Rika langu la Galu na Kinondo lilikua likisikia muziki wa watalii usiku na kupalilia mihogo asubuhi, mwendo wa dakika chache tu kutoka ufukweni. Mimi nilizaliwa mwaka 1997, mwaka wa ghasia za Likoni. Kituo cha polisi kilivamiwa usiku wa tarehe 13 Agosti, fujo zikasambaa hadi Ukunda, watu wakauawa na maelfu wakahama. Watalii walikimbia, kazi za hoteli zikakauka, na waliokuwa wapishi na watunza bustani walirudi kwa mama zao kulima. Wazee wana tarehe nyingine: huhesabu kwa "wakati wa Ramisi", yaani kabla kiwanda cha sukari hakijafungwa mwaka 1988. Kwa hiyo katika pwani hii shamba halikuwa tu mahali pa kutoka. Kila kilichokuja kikaondoka, kiwanda na watalii, kiliwarudisha watu shambani. Kanuni ya insha, ya mtoto anayeondoka na asirudi ila na funguo za ghorofa, haiujui mwendo huu wa kwenda na kurudi.

Na kuna mashamba ambayo hata ukitaka kuyarudia huwezi. Kampuni ya Tiomin ya Kanada ilianza kuchunguza mchanga wenye titani katika eneo la Nguluku na Maumba miaka ya 1990. Katika muongo uliofuata familia zilifidiwa na kuhamishwa, baadhi zikapelekwa Bwiti. Kampuni ya Base Titanium ikaja ikaanza kuzalisha mwishoni mwa mwaka 2013, na Desemba 2024 uchimbaji ulikoma. Watoto waliohamishwa wakiwa darasa la pili au la tatu sasa ni watu wa umri wangu. Wakimwonyesha mtu mahali ulipokuwa mwembe wao, wanaonyesha hewa, kwa maana hata udongo uliokuwa chini ya mwembe ulichimbwa ukachujwa. Ramani ya serikali inaweza kusema kulikuwa na shamba lenye ukubwa kadhaa. Haiwezi kusema mtoto alipita wapi asubuhi ili asikanyage miche ya shangazi yake. Anayeweza kusema hilo ni mwandishi wa bunilizi, naye hana muda mrefu, kwa sababu kumbukumbu ya mtoto wa miaka minane haidumu milele bila kuandikwa.

Nimeahidi kulirudia duara jekundu. Wakulima wa pwani yetu huita mvua ndefu "mwaka" na mvua fupi "vuli". Neno "mwaka" limo vinywani mwa watu wanaolima, na lina maana nzuri: mvua hizo ndizo zinazoufanya mwaka uwe mwaka. Mwalimu aliyenisahihisha alikuwa mtu mwema aliyetaka nifaulu mtihani. Lakini hebu tujiulize: mwandishi wa Unguja au Pemba anapojaza riwaya yake maneno ya visiwani, tunaandika tasnifu kusifu utajiri wake wa lugha, na tunafanya vyema. Mtoto wa Msambweni akitia neno moja la shambani kwao, linazungushiwa duara. Tena shambani kwetu watu huzungumza Chidigo. Mwandishi atakayewafanya mama na bibi wasemezane kwa Kiswahili cha taarifa ya habari akiwa juu ya tuta la mihogo atakuwa amekwisha kuwahamisha kabla kampuni yoyote haijafika. Sisemi Kiswahili hakiwezi kuwabeba; kinaweza, kwa kuwa ni ndugu wa damu wa Chidigo. Kinahitaji tu kuruhusiwa kuchafuka miguu. Marehemu Katama Mkangi, mwana wa Wamijikenda na mmoja wa waandishi shupavu wa pwani, alimwita shujaa wa *Walenisi* (1995) Dzombo, jina ambalo kwetu ni la mlima. Nililiona jina hilo nikaruka kwa furaha, kisha Dzombo akapelekwa katika nchi ya kubuni. Sina lawama, Mkangi alikuwa na jambo lake la kusema na alilisema akiwa ameonja kizuizini. Nilitamani tu ateremke mlimani siku moja akakute watu wanapalilia.

Wapo watakaosema kwamba ninaitaka fasihi iwe ripoti ya kilimo. La. Mwandishi ana uhuru wa kubuni, na akitaka ndovu wazungumze, nawazungumze. Ninachokikataa ni kubuni kulikokwisha kubuniwa na wengine, ambako mtoto anajifunza kuwatukana wazazi wake kwa Kiswahili fasaha na kupongezwa. Wengine wataniambia kwamba walevi wapo, na njaa ipo, Kinango hasa, ambako ukame huua ng'ombe na mahindi hunyauka yakiwa magotini. Ni kweli, na atakayeiandika njaa ya Kinango na aiandike kwa jina lake: nani alikwenda kuchimba maji wapi, nani alikula mwisho, mbuzi yupi aliuzwa kwanza na kwa nini yule. Umaskini una mambo yake mahususi katika kila nyumba. Ukisimuliwa kwa jumla haumhusu mtu yeyote.

Chama chetu kina kurasa hizi, na kila toleo huwa na mashairi kumi na hadithi fupi moja, ambayo aghalabu ni ya mapenzi ya chuoni. Ningependa wahariri watenge nafasi kwa hadithi za watu waliokua mashambani, ziwe za Kwale, za Kilifi, za Lushoto au za Masaka, na wasiziondolee maneno yake kwa kisingizio cha usanifu. Tusingoje mashindano wala wafadhili. Nusu ya darasa letu ilikua na jembe mkononi, lakini tukiwa hapa tunajifanya tulizaliwa maktabani.

Usiku ule, baada ya mama kurudia kunde zake, nilimwambia mdogo wangu aandike tena, safari hii bila mtu yeyote aliyemwazima kitabuni. Alinuna siku mbili. Ya tatu akaniletea kurasa nne, hazina methali hata moja, na katika sehemu mbili amekosea upatanisho wa ngeli. Aliandika juu ya minazi sita iliyo nyuma ya jiko. Aliandika kwamba siku moja mtu wa Ukunda alikuja na mkwezi wake, wakaangua nazi zote, na baba akawasaidia kuzipakia kwenye mkokoteni. Kwamba tangu siku hiyo yeye alikatazwa kuokota hata nazi iliyoanguka, na mama akawa ananunua nazi dukani ilhali minazi inaonekana dirishani. Kwamba alipouliza, aliambiwa anyamaze, dada yake yuko chuo kikuu na asije akasikia.

Nilisoma mpaka mwisho nikiwa nimesimama. Mwaka aliouandika ni mwaka nilipoanza shahada ya kwanza, muhula ambao karo yangu ilichelewa kisha ikaja yote kwa mkupuo mmoja. Asubuhi nilikwenda nyuma ya jiko. Ilikuwa imeanguka nazi moja usiku, na mama alikuwa ameizunguka akifagia, bila kuigusa.